Picha za kamera ya bei chee, barazani: namna ya kuandaa maonyesho Tanga

Kamera yangu ni plastiki tupu. Mwili plastiki, lenzi plastiki, na mlango wa nyuma nimeuzungushia tepu nyeusi ya mafundi umeme kwa sababu vibanio vyake hufyatuka njiani, mwanga ukaingia na kuunguza mkanda. Ni Holga, kamera iliyotoka Hong Kong mwaka 1982 kwa ajili ya watu wasio na fedha za kamera ya maana. Picha zake ni laini, hasa pembeni, na kona huingia giza kama kitu kilichochunguliwa kwenye tundu la ufunguo.

Maonyesho yangu ya kwanza niliyafanyia ukumbini. Nilikuza picha hadi inchi 20 kwa 20, nikazitia fremu za rangi ya dhahabu zenye vioo, nikavaa na koti. Wageni walipita wakizitazama kama wanaokagua nyanya sokoni: "Hii haikutulia." "Hii imeungua." Kabla wiki haijaisha unyevu ulikuwa umezigandisha picha tatu kwenye vioo vyake, na nilipojaribu kuzibandua zikaacha ngozi.

Safari ya pili nilichapa picha zilezile inchi 5 kwa 5, nikazibana kwa vibanio vya nguo kwenye kamba ya katani, barazani kwa mama mmoja Ngamiani. Mzee mmoja alisogea mpaka pua ikakaribia karatasi, akatikisa kichwa. "Ndivyo nionavyo mie nisipovaa miwani," akasema, kisha akakaa hadi adhana ya magharibi.

Ninayoyaeleza hapa ni ya safari ya pili. Yanafaa kwa Holga na Diana, kamera nyingine ya plastiki, kwa kamera zile za kutumia mara moja, kwa kopo la maziwa lililotobolewa kwa sindano likageuzwa kamera, na kwa kamera ndogo za mkanda wa 36, yaani wa picha 36, zilizopiga harusi zetu miaka ya tisini na sasa zimelala kabatini pamoja na redio mbovu.

Hatua ya 1: Mkanda ufike na kurudi salama

Kazi huanza kuharibika studio, wala fundi hana kosa. Yeye amefunzwa kumpa mteja picha safi. Akiona fremu yenye mwale mwekundu uliopenya mlangoni, anadhani imekufa, anairuka ili usilipie hasara. Ni uungwana, lakini pengine hiyo ndiyo picha uliyokuwa ukiingojea. Kwa hiyo andika juu ya bahasha, kwa herufi kubwa, mambo matatu.

*Usikate mkanda.* Holga haina kizuizi cha kukuambia fremu imefika. Unazungusha mwenyewe ukichungulia namba kwenye kidirisha chekundu mgongoni. Ukijisahau, fremu mbili hupandana. Mashine ya studio, au mkasi wa fundi mwenye haraka, hukata pale inapotarajia nafasi, yaani katikati ya picha yako. Mie mkasi ulipita juu ya jahazi lililokuwa linashusha tanga, sitausahau.

*Toa zote, hata mbovu.*

*Usirekebishe rangi wala mwanga.* Mashine nyingi za kuchapa hujisahihisha zenyewe. Zinaona kona nyeusi zinazipausha, zinaona rangi ya machweo zinaifanya ya saa sita mchana. Muombe fundi azime marekebisho hayo. Akisema haiwezekani, muombe akupe nafuu iliyopo, kisha chapa picha moja ya majaribio kabla ya kulipia zote.

Mkanda wa rangi mimi huutuma Dar es Salaam kwa basi. Mkabidhi mtu wa vifurushi mkononi na umwambie usikae juu ya dashibodi, maana joto la kioo cha mbele hupika filamu kabla dawa haijaifikia. Mkanda mweusi-na-mweupe unaweza kuusafisha mwenyewe nyumbani. Maelekezo ya dawa nyingi yameandikwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi, na maji ya bomba la Tanga wakati wa kaskazi yanapita hapo kwa mbali. Mimi huziweka chupa za dawa ndani ya ndoo ya maji, natia barafu ya mtaani, nangoja kipimajoto kishuke. Ukiwa mvivu wa barafu, angalia jedwali la mtengenezaji upunguze muda, kwani dawa ikipata joto hukimbia.

Kama huna skana

Unahitaji simu mbili na maboksi mawili ya kiberiti. Simu ya kwanza ifungue ukurasa mweupe mtupu, mwangaza uupandishe hadi mwisho. Weka maboksi ya kiberiti kulia na kushoto kwa kusimamisha, juu yake kipande cha kadibodi chenye tundu la ukubwa wa fremu, na negativu, yaani mkanda uliokwisha safishwa, juu ya tundu hilo. Nafasi ya sentimita 3 hivi kati ya kioo na negativu ina kazi yake: ukilaza negativu juu ya kioo moja kwa moja, vitone vya skrini vitatokea pichani kama chawa. Zima taa ya chumba, funga pazia, piga kwa simu ya pili ukiwa umeisimamisha juu ya kopo ili isitikisike. Kisha geuza rangi, nyeusi iwe nyeupe na nyeupe iwe nyeusi, kwa programu yoyote ya kuhariri picha.

Simu ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000. Ukikata mraba, unabaki na 3000 kwa 3000, na kwa nukta 300 kila inchi hiyo inachapika hadi inchi 10 kwa 10. Kwa maonyesho haya hutahitaji hata hizo.

Vumbi lifute kabla ya kupiga, kwa kipulizio cha mpira au brashi laini. Usipulize kwa mdomo. Tone moja la mate likikaukia kwenye negativu litaonekana kwenye kila nakala utakayoitoa.

Hatua ya 2: Kuchagua, na kuwa mkali

Chapa zote kwa saizi ya postikadi, inchi 4 kwa 6 au mraba wa inchi 4, karatasi ya bei ya chini kabisa. Tandika mkeka sebuleni, zipange, na uziache hapo siku kadhaa. Wanaoingia na kutoka watakusaidia bila kujua. Watoto wataokota ile inayowavutia, shemeji atauliza "hapa wapi?", na wewe utaona kuna picha ambayo wiki nzima hujaitazama mara ya pili. Hiyo itoe.

Mtego mkubwa wa kamera za plastiki ni kuipenda kasoro. Mwale wa mwanga ulioingia kwa bahati ni mtamu mara ya kwanza. Ukitundika picha kumi zenye mwale, mtazamaji anaacha kuona watu anaanza kuhesabu miale. Kipimo changu ni hiki: naifunika kasoro kwa kidole gumba, nauliza kama bado kuna kitu cha kutazama. Kama pana mwendesha baiskeli aliyebeba mkungu wa ndizi kuelekea sokoni, na mwale umempitia mgongoni, inakaa. Kama ni mwale tu juu ya ukuta mtupu, inarudi bahashani.

Giza nalo ulichunge. Filamu ya negativu huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua. Ile iliyopata mwanga mwingi unaweza kuiokoa, lakini ile iliyopigwa jioni ndani ya nyumba kwa kamera yenye kasi moja tu, karibu 1/100 ya sekunde, inabaki uji wa kijivu hata uifanyie nini. Usiibembeleze.

Picha 24 zinatosha baraza moja. Nimewahi kuweka 60, watu wakachoka kabla ya kufika nusu, na zile nzuri nilikuwa nimezihifadhia mwisho.

Hatua ya 3: Ukubwa na karatasi

Hapa ndipo nilipoangukia mara ya kwanza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Picha laini ikikuzwa sana haiwi picha kubwa, inakuwa ukungu mkubwa. Ikiwa ndogo, jicho linaisogelea, na likishasogea linaanza kutafuta. Baraza ya Ngamiani haina nafasi ya mtu kurudi nyuma hatua nne na kuinamisha kichwa. Akirudi hatua nne yuko barabarani, na bodaboda inapita. Mtazamaji wako yuko umbali wa mkono. Kwa umbali huo, inchi 5 kwa 5 inakaa vizuri sana, na chache ulizoziamini unaweza kuzipeleka 8 kwa 8.

Kwa mkanda wa 36, kumbuka fremu yake ni milimita 24 kwa 36, yaani uwiano wa 2 kwa 3. Inaingia sawasawa katika inchi 4 kwa 6 na 8 kwa 12. Ukiagiza 8 kwa 10, studio itakata sehemu ya pembeni, na kwa kawaida sehemu hiyo ina mkono wa mtu.

Agiza karatasi ya mati, isiyong'aa. Glosi inang'aa, na baraza ina mwanga unaotoka upande mmoja tu, barabarani, kwa hiyo mtu atajiona mwenyewe badala ya picha. Agiza pia mpaka mweupe kuzunguka picha. Uchapaji usio na mpaka hula milimita kadhaa kila upande, na kwa picha ambayo uzuri wake uko kwenye kona nyeusi, milimita hizo ni mali. Mpaka pia ndio mahali pa kibanio kushika.

Nyuma ya kila picha weka manila nene iliyokatwa kwa kipimo cha karatasi yenyewe, uishike kwa selotepu ya pande mbili kwenye kona nne na katikati. Bila manila, hewa ya bahari itaikunja picha kama jani la mgomba ifikapo saa nne asubuhi. Gundi ya maji isikaribie kabisa, inakunja karatasi. Gundi ya viatu inashika kweli, lakini madoa yake ya njano hujitokeza baadaye upande wa mbele.

Kama lazima utumie fremu ya kioo, picha isiguse kioo. Kata dirisha la manila liwe kati yao. Tanga unyevu ukiingia, uso wa picha hulainika na kugandana na kioo, na hapo hapana fundi.

Hatua ya 4: Wenye sura zao

Kabla ya picha kwenda ukutani, nakala ya kwanza ni ya mwenye sura. Chapa ya postikadi, ipeleke kwa mkono, mkute kwake au kijiweni kwake, amkia, kaa, kisha toa bahasha. Uliza: "Nataka kuitundika hii, barazani kwa fulani, siku tatu. Unaniruhusu?" Wengi watafurahi, na wengine watakuuliza kwa nini hukuwaambia wavae shati zuri. Akisema hapana, ni hapana, usitafute wa kumshawishi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika Mei 2023, na sura ya mtu ni katika taarifa zake. Lakini mtaani hata kabla ya sheria kuna stara. Mwanamke aliyenaswa akiwa amejifunga khanga uani kwake, hata kama picha ni nzuri kuliko zote, haitundikwi mbele ya wapita njia. Mtoto, muulize mzazi. Na kwa picha za bandarini, za kambi na za vituo vya polisi, ushauri wangu ni mfupi: achana nazo tangu siku ya kupiga.

Mara moja nilijisahau. Picha ilikuwa ya kijana amelala juu ya magunia, mchana, usingizi wa Mungu. Nikaitundika. Kumbe siku ile alimwambia tajiri wake kuwa yuko hospitali.

Hatua ya 5: Mahali

Watu wakisikia maonyesho wanawaza jengo. Tanga majengo yapo, na mazuri. Boma la zamani la Wajerumani lenye makumbusho ya Urithi linafaa sana kwa picha za mji, kwa sababu wageni wake tayari wamekuja kutazama picha za kale za Tanga na ni rahisi kuwapitisha kwenye za leo. Maktaba ya Mkoa ina utulivu na wanafunzi. Ukienda huko nenda na barua, picha tano za mfano na tarehe mbili za kuchagua, na usipige msumari hata mmoja. Kuta za majengo ya kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa, msumari unatoka na kipande cha ukuta, na majengo ya namna hiyo yanaweza kuwa chini ya ulinzi wa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Peleka mbao zako za kusimama zenyewe.

Lakini kwa kamera hizi mimi napenda baraza. Picha zangu nyingi zimepigwa Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, na aliyezaliwa hapo ataijua nyumba hata ikiwa nusu yake ni ukungu. Mgeni anahitaji picha kali ili ajue anatazama nini. Mwenyeji anajaza mwenyewe.

Chagua baraza kwa jua. Iliyotazama magharibi itapigwa na jua la alasiri, saa ileile watu wanapopata nafasi, nalo litapausha picha na kuwakunja uso watazamaji. Iliyotazama mashariki inakuwa kivulini kuanzia mchana, na mwanga wa kivuli cha wazi ni bora kuliko taa yoyote utakayoinunua. Kwa msimu, kimbia masika, kati ya Machi na Mei. Mimi huchagua Julai au Agosti, kusi ikivuma, joto limepungua. Upepo wake tutauona kwenye kamba.

Ruhusa ya mwenye nyumba ipatikane mapema, na umwambie ukweli kuhusu idadi ya watu na watoto watakaopanda kibarazani kwake. Pita kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, pita na kwa afisa utamaduni wa jiji umweleze. Kwa kazi ndogo isiyo na kiingilio wala muziki mara nyingi ni mazungumzo ya dakika kumi, lakini yafanye kabla, maana baada huwa marefu.

Hatua ya 6: Kutundika

Zana: kamba nyembamba ya katani, vibanio vya nguo vya mbao, misumari, nyundo, futi, pimamaji, penseli, na kandambili moja iliyochakaa.

Katani kwetu haina haja ya maelezo. Mkonge uliletwa pwani hii mwaka 1893, na kila mtu Tanga ana jamaa aliyefanya kazi shambani au kiwandani. Picha ikining'inia kwenye katani, wazee wanaanza kwa kuigusa kamba. Ila ina tabia zake. Ikipata unyevu hujikaza, ikikauka hulegea. Ukiikaza alfajiri umande ungalipo, saa saba itakuwa imebembea. Ikaze mchana. Na iweke msumari wa kuishikilia kila baada ya mita moja na nusu, vinginevyo picha zote zitateleza zikutane katikati kama wasafiri kwenye kitanda kibovu cha gesti.

Urefu kutoka chini. Vitabu vya maonyesho vitakwambia katikati ya picha ikae sentimita 145 hadi 155, usawa wa jicho la mtu aliyesimama. Barazani watu hukaa. Mtu aliyekaa kwenye kibaraza cha saruji jicho lake liko kama sentimita 115 kutoka sakafuni. Kwa hiyo mimi hufunga kamba mbili: ya juu picha zake zikae usawa wa 150, ya chini usawa wa 115. Wa kusimama na wa kukaa kila mmoja ana yake, na watoto wanamiliki ya chini.

Hesabu ya nafasi. Picha ya inchi 5 pamoja na mpaka wake mweupe inakuwa na upana wa sentimita 15. Acha sentimita 8 kati ya picha na picha. Picha 12 zinachukua sentimita 180, nafasi 11 kati yao sentimita 88, jumla 268. Kamba ya mita 3 inakubakishia sentimita 16 kila upande. Nimeitaja 12 makusudi: ni idadi ya fremu za mraba katika mkanda mmoja wa Holga. Kamba moja nafanyia jambo ambalo wageni hulipenda kuliko nilivyotarajia. Naweka mkanda mzima, fremu ya kwanza hadi ya 12, kwa mpangilio wake, bila kuchagua, na zile zilizopandana na ile niliyopiga kidole changu zimo. Kamba ya pili ndiyo ya zilizochaguliwa. Ukiwa na ukuta wa pili, rudia.

Upepo: kila picha vibanio viwili juu, na nyuma ya kona za chini bandika sarafu kwa selotepu. Shilingi mia inatosha. Watoto wasijue.

Ukuta wa udongo uliopigwa lipu haushiki msumari mdogo, unabomoka unga. Funga kamba kwenye nguzo za baraza au kwenye boriti ya paa. Ukuta uliopakwa chokaa haushiki selotepu yoyote, usipoteze fedha.

Kandambili ni kwa ajili ya fremu, kama unazo. Kata vipande vya ukubwa wa kifungo, bandika kwenye kona za chini nyuma ya fremu. Vinaiweka mbali kidogo na ukuta, hewa inapita, na unyevu wa ukuta haupandi kwenye karatasi. Vinazuia pia fremu isiteleze upande.

Ukitaka ukuta mzima wa picha ndogo

Wapenzi wa Lomo, kamera ndogo za Kirusi, wenye chama chao kilichoanzia Vienna mwaka 1992, wanajulikana kwa kubandika mamia ya picha ndogo zikigusana mpaka ziwe zulia. Sisi tunaweza, na hesabu imekubali kwa bahati njema: ubao wa plaiwudi wa futi 8 kwa 4 ni inchi 96 kwa 48, na picha za inchi 4 kwa 6 zikisimamishwa wima zinaingia 24 kwa upana na 8 kwa kimo. Jumla 192, bila pengo. Pima kona za ubao kabla, maana wa dukani si kila mara umenyooka, na kosa la milimita mbili upande wa kushoto litakuwa pengo la kidole upande wa kulia. Anza kubandika katikati uelekee pembeni. Hapa agiza picha zisizo na mpaka.

Kwa ubao kama huu uchaguzi mkali hauhitajiki. Picha moja dhaifu hufichwa na jirani zake. Kama una kundi la wanafunzi wenye kamera moja ya kupokezana, hii ndiyo njia yao.

Hatua ya 7: Maandishi

Machache. Chini ya kila picha, kikaratasi chenye mahali na mwaka: "Barabara ya 9, 2023." "Raskazone, maji yamekupwa, 2022." Herufi ziwe kubwa kiasi cha kusomeka na mtu aliyeacha miwani nyumbani. Usiandike hisia zako. Ukiandika "upweke", mtu hataona tena yule muuza kahawa, ataona upweke wako.

Habari za kamera weka kwenye kadi moja tu mlangoni, kwa sababu watauliza. Kwamba mwaka 1900 Kodak ilitoa kamera ya boksi, Brownie, kwa dola moja, na watu wa kawaida wakaanza kujipiga wenyewe. Kwamba Diana ilikuja miaka ya 1960 ikiwa karibu na toi. Kwamba Holga ilisimama kutengenezwa mwaka 2015, ikarudi 2017. Kisha kamera yenyewe iweke juu ya meza, imefungwa kwa kamba ya katani, bila mkanda, watu waishike na kufyatua. Mlio wake, *tak*, kama kifuniko cha kopo, hueleza kuliko kadi.

Siku yenyewe

Fungua baada ya sala ya alasiri. Kahawa chungu kwenye dele, kashata, mkeka kwa akina mama, kaunta buku lenye kalamu iliyofungwa ili isiondoke. Spika usilete. Ukileta muziki umeandaa sherehe, na watakuja waliozoea sherehe. Siku tatu zinatosha. Tanga waja leo waondoka leo, na picha nazo ziwe hivyo.

Usisimame karibu na picha ukieleza. Kaa na wanaokunywa kahawa. Watabishana wao kwa wao, ile nyumba ilikuwa ya nani, mwembe ule ulikatwa lini, na utajifunza mambo uliyoyapiga bila kuyajua. Yaandike kwenye kaunta buku usiku huohuo.

Kuuza, unaweza. Taja bei moja kwa picha zote za ukubwa mmoja, iwe wazi kwenye kadi, na mnunuzi aichukue siku ya kufunga. Aliyepigwa asiuziwe sura yake, ameshapata nakala.

Jioni zitoe picha zote. Umande wa usiku mmoja unatosha kuzikunja, na mende wanapenda gundi. Zipange kwenye boksi ukitia karatasi nyeupe kati ya moja na nyingine. Gazeti lisitumike, wino wake huhama. Negativu zako zirudi kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Safari iliyopita, wakati nafungua kamba ya chini, kibanio kimoja kilikuwa tupu. Ilikuwa picha ya mwanamke anauza maandazi, nusu yake imekula giza. Chini ya kibanio palibandikwa kipande cha karatasi ya daftari: "Huyu ni bibi yangu hatuna picha yake nyingine nimechukua." Negativu ninayo. Nimechapa nyingine, hii ya inchi 8, naizungusha Ngamiani nikimtafuta mjukuu.